Kulinda Motokaa na Mizigo Wakati wa Likizo

Wanafunzi wapenzi, nanyi ndugu mliosoma hapa zamani, likizo imekaribia. Wengi watasafiri kwa motokaa, na wengine watavuka mpaka wa Busia au Malaba, kutoka Uganda mpaka pwani ya Kenya. Mimi husafiri njia hiyo karibu kila mwaka, na nimeulizwa mara nyingi jinsi ya kujilinda na wezi. Nitaeleza mambo manne.

La kwanza ni macho. Mwizi hatafuti kazi ngumu. Hutafuta kitu anachokiona, tena kilicho rahisi kuchukua. Basi tia mizigo katika buti ungali nyumbani. Ukingoja kufika hotelini ndipo ufungue buti na kuficha mkoba mbele za watu, anayekutazama amekwisha kujua. Juu ya viti usiache kitu, hata koti kuukuu. Mwizi hajui kama mifuko yake ni mitupu. Atavunja kioo kwanza, kisha ndipo atafute. Fedha, pasi na kadi ya gari ukae navyo mwenyewe.

La pili ni ufunguo. Siku hizi magari mengi hufungwa kwa rimoti, na wako wezi wenye chombo cha kuzuia mawimbi yake. Wewe wabonyeza, gari halisikii. Kwa hiyo vuta kitasa cha mlango kabla hujaenda zako. Tena yako magari yanayowaka bila kutia ufunguo. Mwizi mmoja husimama karibu na nyumba ulimo ufunguo, mwenzake karibu na gari, wakapokezana mawimbi kwa vyombo vyao mpaka mlango ukafunguka. Dawa yake ni ndogo: weka ufunguo ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Kisha simama na kopo hilo kando ya gari ujaribu mlango. Ukifunguka, tafuta kopo jingine.

La tatu ni daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika namba ya gari, ya injini na ya chasisi. Katika magari mengi namba ya chasisi ina herufi na tarakimu 17, wala hazimo herufi I, O na Q, zisije zikadhaniwa 1 au 0. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ni mengi kwetu, huwa na namba fupi zaidi. Uliza pia habari za bima. Kadi ya Njano ya COMESA ni kwa ajili ya madhara utakayowatia watu wengine barabarani. Gari lako likiibwa, hiyo haikulipi. Muulize wakala wako kama bima yako ya wizi inafika ng'ambo ya mpaka.

La nne ni jirani, nami naliona kubwa kuliko yote. Katika Ujerumani ya Magharibi, kati ya 1961 na 1963, sheria iliwalazimisha wenye magari yote, mapya na makuukuu, kutia kufuli la usukani. Wizi wa magari ukapungua sana. Uingereza ilianza mwaka 1971, lakini kwa magari mapya tu. Wezi wakayaacha hayo wakayaendea makuukuu. Fundisho ni nini? Ukijilinda peke yako, mwizi huhamia kwa mwenzako. Basi patana na jirani: anayebaki awashe taa ya anayesafiri, atazame mlango wake asubuhi na jioni, na likizo ijayo naye atazamiwe. Huko mwendako pia, egesheni magari pamoja penye taa na mlinzi, wala msimwache mmoja gizani.

Mwisho, pengine mtakutana na watu wenye silaha. Hapo msishindane nao, toeni ufunguo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Wakiisha kwenda, nendeni upesi kituo cha polisi na daftari lenu mkononi. Gari jingine hununuliwa, bali roho haina duka.

Nawatakieni likizo njema.