Kijana Asiyetulia Kitini Akasomee Nini?

Kila yatokapo matokeo ya Kidato cha 4 na cha 6, wanachama wengi hutujia na swali moja: "Mwanangu akasomee nini?" Mara nyingi huwa wanalo jawabu lao: asomee kazi ya ofisini, akae kivulini, asipate taabu tuliyoipata sisi juu ya mikarafuu. Nia hiyo ni njema, wala hatuilaumu. Lakini watoto hawakuumbwa sawa. Yuko awezaye kutulia na kitabu kutwa nzima, na yuko ambaye saa mbili za kitini kwake ni adhabu, lakini mpe kazi ya kuchuma karafuu au kupanda miche, hachoki mpaka jua litue. Huyu wa pili, awe mwana wa kiume au binti, msimwite mjinga. Akili yake huamka pamoja na mwili wake. Akilazimishwa elimu ya mezani peke yake, huenda fedha za mavuno mawili zikapotea, naye akarudi nyumbani bila cheti.

Basi yafaa tujue kuwa zipo elimu za juu zimfaazo kijana wa namna hii. Tutataja chache.

Kwanza, kilimo na misitu. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilichoanza mwaka 1984, hufundisha yote mawili. Wanafunzi wa misitu huenda mpaka Olmotonyi, Arusha, kujifunza ndani ya msitu wenyewe. Hapa kwetu Unguja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina skuli yake ya kilimo Kizimbani.

Pili, upimaji wa ardhi, ufundishwao Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam. Mpimaji hutembea mwendo mrefu na vyombo vyake, juani na vichakani.

Tatu, uhifadhi wa wanyamapori, katika chuo cha Mweka karibu na Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963.

Nne, elimu ya mazoezi ya mwili na michezo, ipatikanayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tiba ya viungo, ifundishwayo KCMC, Moshi. Mganga wa viungo hushinda amesimama, akiwanyanyua na kuwanyoosha wagonjwa.

Lakini jina la somo lisitudanganye. Wako waliosomea kilimo na leo kazi yao ni kuandika ripoti mezani. Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, mzazi na kijana waulize mambo manne. Je, katika kila mwaka wa masomo, wiki ngapi ni za kazi ya nje? Je, waliomaliza chuo hicho wanafanya kazi gani hasa leo? Je, kijana ana masomo yatakiwayo? Asiye na Baiolojia na Kemia hapokewi kwa urahisi katika kilimo, wala asiye na Hesabu katika upimaji. Hivyo uchaguzi huu huanza tangu anapochagua masomo skuli ya sekondari. La nne: je, mwili utakapochoka uzeeni, elimu hiyo itampa kazi nyingine, kama kufundisha au kusimamia wengine?

Wala kijana asidhani kuwa elimu ya nje ni njia ya kukimbia vitabu. Na tutazame mikarafuu yetu. Wazee wanakumbuka ugonjwa uliokuwa ukiukausha mti mzima kwa ghafla. Katika miaka ya 1950 wataalamu Nutman na Roberts waliandika kuwa unatokana na kuvu aitwaye Valsa eugeniae. Jambo kama hilo halijulikani kwa kukaa mezani tu. Sharti mtu afike shambani, achimbue mizizi, akate gogo atazame ndani, kisha arudi na kipande chake kwenye hadubini na asome sana. Miguu na kitabu vilifanya kazi pamoja.

Na yule atakayechagua uhasibu au sheria, asiuache mwili wake ulale. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima aushughulishe mwili dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Kwenda kwa miguu, kuogelea, au kurudi shambani msimu wa kuchuma, yote yafaa.

Wanachama wetu, mikarafuu mingi imezeeka, na yahitaji watu wenye elimu ambao hawaogopi matope. Huenda mmoja wao ni huyo mwanao asiyetulia. Kaa naye kabla fomu hazijafungwa, umsikilize anapenda nini, kisha mwamue pamoja.