Presha ya Macho: Kipimo Kimoja Hakitoshi

Mgonjwa wa macho akipimwa presha, daktari huandika namba mbili kwenye kadi yake: moja ya jicho la kulia, nyingine ya jicho la kushoto. Tuseme ni 17 na 18. Mgonjwa anaambiwa presha ni nzuri, naye anarudi nyumbani amefurahi. Leo tujifunze namba hizo zinapatikanaje, na kwa nini mwenye ugonjwa wa glakoma asitulie kwa sababu ya kipimo kimoja tu.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Ndani ya jicho mna maji safi ambayo si machozi. Maji hayo hutengenezwa mchana na usiku, na hutoka kupitia njia nyembamba sana. Wakulima wa miteremko ya Mlima Meru mnajua habari za mfereji: majani yakiziba mahali pa kutokea, maji hujaa. Jichoni ni vivyo hivyo. Maji yasipotoka vizuri, presha hupanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo huharibika kidogo kidogo. Wagonjwa wengi hawasikii maumivu yoyote. Macho huanza kupoteza nguvu ya kuona pembeni, na sehemu iliyokwisha kupotea hairudi kwa dawa, kwa miwani wala kwa kupasuliwa. Hapo ndipo glakoma inapotofautiana na mtoto wa jicho, maana wa mtoto wa jicho akipasuliwa kwa kawaida huona tena.

Tusidhani ni ugonjwa wa watu wachache. Uchunguzi uliofanywa vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, na kutangazwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Watu 4 hivi katika kila 100 walikuwa na glakoma.

Sasa tuje kwenye kipimo. Presha ya jicho huhesabiwa kwa milimita za zebaki kama presha ya damu, lakini ni mambo mawili mbalimbali. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Jicho la kawaida huwa kati ya 10 na 21. Chombo kinachotegemewa zaidi ni cha Goldmann wa Uswisi, kilichoanza kutumika miaka ya 1950. Mgonjwa huketi, huegemeza kidevu, hutiwa dawa ya ganzi na rangi ya manjano, kisha ncha ya chombo hugusa jicho taratibu chini ya mwanga wa buluu. Hata mpimaji mmoja, kwa chombo kimoja, anaweza kupata namba zinazopishana kwa 2 au 3. Kwa hiyo kutoka 17 hadi 19 si lazima ugonjwa uwe umezidi.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kuharibu kipimo bila kujua. Akibana macho kwa hofu, akizuia pumzi, au akivaa shati lililombana shingoni, namba hupanda. Akinywa lita nzima ya maji kwa haraka kabla ya kupimwa, inaweza kupanda pia. Fungua kifungo cha shingo, pumua kama kawaida, tazama mbele.

Liko jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Utando angavu wa mbele ya jicho, uitwao konea, una unene wa nusu milimita hivi, lakini watu hatulingani. Konea nene hufanya namba isomeke juu kuliko ilivyo kweli. Konea nyembamba huishusha, na hii ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu humpa mgonjwa faraja ya uongo. Penye kifaa cha kupima unene huo, omba upimwe. Mara moja huwa inatosha kwa watu wengi.

Halafu kuna saa. Presha ya jicho hupanda na kushuka mchana na usiku, na kwa wenye glakoma hupanda na kushuka zaidi kuliko kwa wengine. Kwa wengi huwa juu usiku au alfajiri. Chukua mfano wa mzee wa kijiji cha Poli anayetibiwa KCMC, Moshi. Anatoka nyumbani alfajiri, anateremka hadi Usa River, anapanda basi, anapanga foleni, na zamu yake inafika saa sita mchana. Miaka mitatu anapimwa saa sita, na kila mara ni 16. Presha yake ya alfajiri hakuna aliyeiona, maana saa hizo yumo njiani. Mzee kama huyu, akiwa na ndugu Moshi, alale huko siku moja ili apimwe asubuhi na mapema.

Pia wapo wanaoacha dawa ya matone wiki nzima, kisha wanaitia siku ya kliniki. Namba inatoka nzuri, daktari anaandika dawa ileile, na mshipa unaendelea kufa. Kama dawa imekwisha au bei imekushinda, mwambie daktari waziwazi. Hiyo ni habari anayoihitaji kuliko namba.

Tena wako watu ambao presha yao haivuki 21 hata mara moja, na bado mshipa unaharibika. Ndiyo maana daktari lazima autazame mshipa wenyewe nyuma ya jicho, na apime upana wa kuona. Usiondoke kabla ya kuuliza: “Daktari, mshipa wangu ukoje kuliko mara ya mwisho?”

Nunua daftari dogo. Kila ukipimwa andika tarehe, saa, namba ya kila jicho, chombo kilichotumika, na saa uliyotia dawa mara ya mwisho. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule. Daftari hilo lichukue hata ukihamishiwa hospitali nyingine, na ukienda, nenda na ndugu zako wa tumbo moja na wanao waliofikia miaka 40, maana glakoma hufuata damu.