Kuitafuta Eastlands Katika Matangazo ya Kale

Anayetaka kujua wakazi wa Nairobi ya zamani walilala wapi aanze na safu za matangazo madogo ya magazeti. Habari za ukurasa wa kwanza zilikuwa za gavana wa kikoloni. Kwenye kurasa za nyuma ndiko mwenye nyumba alikomsaka mpangaji.

Mimi nilianza na Kaloleni, mmoja wa mitaa ya Eastlands, mashariki ya Nairobi, nikaambulia patupu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ukimya ule ndio jibu. Nyumba za kanjo hazikuhitaji kutangazwa: Kaloleni, Ziwani na Bahati ziligawiwa na Baraza la Jiji, na za Muthurwa na Makongeni zilikuwa za wafanyakazi wa reli. Mtu aliyeacha kazi ya reli aliacha na chumba. Nyumba za kupangisha ziko kwingine kwenye ukurasa: mitaa ya Wazungu, au Eastleigh, ambako Waasia wengi walimiliki majengo yao. Mara nyingi tangazo lilisema wazi ni watu wa rangi gani wanaokaribishwa.

Kwa hiyo weka magazeti mawili ya wiki moja kando kwa kando. East African Standard, lililozaliwa Mombasa mwaka 1902 na kuhamia Nairobi 1910, lilizungumza na wenye nyumba kwa Kiingereza. Baraza, dada yake wa Kiswahili tangu 1939, lilizungumza na wanaolala Eastlands. Angalia nani anauziwa nyumba na nani anauziwa sabuni.

Na kama kipande hakina tarehe? Nilikuwa nacho kimoja, kimetandikwa ndani ya sanduku la bati la nyanya yangu. Hapo majina ya mitaa husaidia sana. Mtaa wa Mbotela unamkumbuka Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha Kenya African Union (KAU) aliyeuawa 1952. Ofafa unamkumbuka diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa 1953. Tangazo likiutaja mtaa wa Ofafa, haliwezi kuwa la kabla ya mwaka huo.

Bei isomwe kwa tahadhari, maana ni bei iliyoombwa; iliyolipwa ni habari nyingine.

Miaka ya 1970 lugha ya matangazo inageuka. Buruburu ilijengwa ili iuzwe kwa mkopo wa nyumba, na mkazi wa Eastlands akawa, hatimaye, mteja wa kubembelezwa. Wakati huohuo, huko Dandora, kwenye mradi wa ploti 6,000 uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1975, mtu alipewa ploti yenye choo na bafu, vyumba akajijengea mwenyewe. Vingine akavipangisha, na tangazo lake likawa kibao langoni. Gazeti halikukiona kibao hicho. Habari zake wanazo wazee wa mtaa, nao waulizwe mapema.

Ikiwa kwenu Maringo au Jerusalem kuna gazeti kuukuu chini ya godoro au ukutani, usilikate tangazo peke yake. Piga picha ukurasa mzima, pamoja na tarehe iliyo juu, kisha mwulize aliyelihifadhi alikuwa akiishi nyumba gani wakati huo.