Vipele kwenye ngozi ya ng'ombe: picha ya simu inasaidia wapi, mkono unasaidia wapi

Mfugaji, siku hizi kabla sijafika bomani kwako picha imeshanifikia. Simu inalia usiku, nafungua, naona ubavu wa ng'ombe wenye vipele, na chini yake maneno mawili: "Dawa gani?" Nashukuru kwa picha hizo. Kata ni kubwa, pikipiki ni moja, na mafuta hayatoshi kufika kila boma kila wiki. Lakini picha inaweza kudanganya, na nitaanza na ile iliyonidanganya mimi.

Masika moja, mzee mmoja alinitumia picha ya mtamba wake saa mbili usiku, imepigwa kwa taa ya simu. Niliona vinundu vitano au sita shingoni. Wiki ile nzi walikuwa wengi kupita kiasi, nami nikajibu upesi, "Mzee, hao ni nzi, ogesha." Sikumuuliza kama mtamba ana homa. Sikumwomba aguse vinundu. Aliogesha, na asubuhi kundi likaenda kunywa lamboni pamoja na makundi mengine kama kawaida. Siku ya nne akanipigia: vinundu vimejaa mwili mzima, miguu imevimba, mtamba hali. Ulikuwa ugonjwa wa mapele ngozi. Kabla msimu haujaisha maboma manne yanayotumia lambo lile yalikuwa na wagonjwa, na mtamba yule alikufa. Huenda wengine wangeugua hata kama ningejibu vizuri, maana nzi na mbu hawazuiliwi na ua la miiba. Ila zile siku nne za kumtenga zilipotea, na niliyezipoteza ni mimi.

Picha inafanya kazi gani

Zana ya picha ya zamani kuliko zote ni bango la magonjwa, kama lile lililobandikwa ukutani pale joshoni. Unalinganisha mnyama wako na picha, basi. Baadaye imekuja simu: unapiga, unatuma, mtu wa mbali anaangalia. Sasa kuna programu zinazoangalia picha zenyewe bila mtu. Wakulima wa muhogo wanaifahamu Nuru, programu ya PlantVillage, ambayo hutambua magonjwa ya muhogo ukielekeza kamera ya simu kwenye jani, hata mahali pasipo na mtandao. Kwa upande wa ng'ombe, watafiti wamefundisha kompyuta kutambua mapele ngozi kwa njia kama hiyo, na vijana wenu watakutana na programu za namna hiyo kwenye simu zao.

Kompyuta hufundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi sana, kila moja ikiwa na jina la ugonjwa, mpaka inaanza kuona kinachofanana. Ni kama layoni anayewajua ng'ombe wa baba yake kwa kuwatazama kila siku. Lakini layoni akikuta ng'ombe mgeni zizini atasema, huyu simjui. Programu iliyofundishwa magonjwa matatu, ukiionyesha la nne, mara nyingi itachagua moja kati ya yale matatu yake na kukuandikia asilimia kubwa kana kwamba ina hakika. Asilimia ile inaeleza jinsi picha yako inavyofanana na picha ilizofundishwa. Si kipimo cha maabara. Tena jani la muhogo halina manyoya, halina tope, wala halitembei.

Jambo lingine ni rangi. Vitabu vya magonjwa ya ngozi hupenda kusema tafuta wekundu. Kwa binadamu jambo hili limewasumbua hata madaktari, kwa sababu picha nyingi za kufundishia zilikuwa za ngozi nyeupe, na ugonjwa ule ule kwenye ngozi nyeusi huonekana kijivu, zambarau au mweusi zaidi. Ng'ombe mweusi naye hakuonyeshi wekundu. Joto la ngozi utalipata kwa kiganja, kamera haina kiganja.

Kwa hiyo usiiulize picha jina la ugonjwa kwanza. Iulize mambo matatu: nimtenge mnyama huyu? Nimwite mtaalamu leo, au inaweza kusubiri? Na dawa gani nisiichome? Hayo matatu picha nzuri inaweza kuyasaidia sana, hata kama jina halijajulikana.

Namna ya kupiga

Piga kabla hujapaka kitu. Nimetumiwa picha nyingi za ng'ombe waliopakwa oili chafu, na kinachoonekana humo ni oili. Kama kuna tope, lisugue likikauka. Ukiosha, subiri manyoya yakauke.

Piga asubuhi au jioni, jua likiwa mgongoni kwako. Ikibidi kupiga usiku, zima taa ya simu na mtu mwingine amulike tochi kutoka pembeni. Mwanga wa pembeni hutoa kivuli cha kinundu, na bila kivuli uvimbe hauonekani, ngozi yote inakuwa tambarare. Ndivyo ilivyokuwa picha ya yule mtamba.

Nahitaji picha tatu. Moja ya mnyama mzima kutoka ubavuni. Moja ya eneo lenye vipele, ukiwa hatua moja kutoka kwake. Na moja ya karibu, kama shibiri moja na nusu, manyoya yamepanuliwa kwa vidole na kiberiti kimewekwa kando ili nijue ukubwa. Usikuze picha kwa vidole kwenye kioo, sogea wewe. Futa kamera kwa shuka kwanza. Ukiona kitu puani, mdomoni, machoni, kwenye chuchu au chini ya mkia, ongeza picha ya hapo.

WhatsApp hupunguza ubora wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Ile ya karibu itume kama dokumenti, nyingine tuma kawaida.

Kisha niambie kwa sauti, huna haja ya kuandika: ulianza lini, wagonjwa wangapi kati ya wangapi, ni ndama au wakubwa, anajikuna au hajikuni, anakula, maziwa yamepungua, kuna ng'ombe aliyenunuliwa au aliyerudi kutoka mbali karibuni, mliogesha lini, na mmeshachoma dawa gani. Kama mmeshachoma, usinifiche, sitagomba.

Majibu mengi anayo anayekamua. Bomani kwa rafiki yangu mmoja, baba aliniambia ng'ombe kaanza kuugua jana. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, nikamsalimu, "Yeyo, na wewe unasemaje?" Akasema maziwa yalipungua siku nne zilizopita, na alipoegemea paja la ng'ombe yule wakati wa kukamua lilikuwa la moto. Homa ilikuwa imetangulia vinundu. Programu gani ingelijua hilo?

Sasa weka mkono

Hapa ndipo magonjwa yanayofanana kwenye picha yanapoachana.

Kinundu cha mapele ngozi ni cha mviringo na kigumu. Kina upana wa nusu sentimita mpaka sentimita tano, na manyoya juu yake husimama. Kibane kwa vidole viwili: utasikia kimeingia unene wote wa ngozi, hakipo juu juu. Tezi za mbele ya bega na za mbele ya goti la nyuma huvimba, unazishika kama yai. Homa huwa kali, mara nyingi kupita nyuzi 40, macho na pua hutoa machozi na kamasi, na miguu inaweza kuvimba. Baadaye katikati ya kinundu hufa na kukauka, kisha hudondoka na kuacha shimo. Ugonjwa huu ulionekana kwa mara ya kwanza Zambia mwaka 1929, ukafika Kenya mwaka 1957, na sasa umevuka bara hili mpaka Asia na Ulaya. Huenezwa zaidi na nzi wanaouma, mbu na kupe. Binadamu haupati. Mbuzi wako nao hawapati: ukiona mbuzi au kondoo wana vinundu na homa, fikiria ndui ya mbuzi na kondoo, na hiyo nayo ni ya kuitia mtaalamu siku hiyo hiyo. Kuna programu zisizouliza hata kama ni ng'ombe au mbuzi.

Uvimbe wa mzio, au wa kuumwa na wadudu, hutokea ghafla. Jioni hakuna kitu, asubuhi ng'ombe amejaa mabonge. Ukibonyeza ni laini, na mengi hupungua ndani ya siku moja au mbili. Kwenye picha ya usiku hufanana na mapele ngozi kama pacha. Ndiyo maana mnyama hutengwa kwanza, kisha unamwangalia tena kesho: laini yaliyopungua ni habari njema, magumu yaliyoongezeka si habari njema.

Magaga ya mvua, ambayo wataalamu huyaita dermatofilosisi, huletwa na bakteria na huja zaidi ngozi inapolowa muda mrefu na kupe ni wengi. Manyoya hushikana vifungu vifungu kama ncha ya brashi ya rangi. Ukivuta gaga, linatoka na kishungi cha manyoya, na chini yake pana unyevu.

Choa ni mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yana unga wa kijivu kama majivu, hasa kuzunguka macho na shingoni mwa ndama. Hakuna homa. Ni kuvu, na huambukiza watoto wanaocheza na ndama, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni.

Ukurutu unaujua kwa mwasho. Mnyama anajisugua kwenye mti mpaka damu, ngozi inakuwa nene na kujikunja. Mbuzi huanza sana masikioni na usoni. Nao unaweza kumwasha mtu anayeshika mnyama.

Na hapa rangi ya ng'ombe husaidia. Ukiona ng'ombe wa mabaka ana vidonda kwenye sehemu nyeupe tu, na sehemu nyeusi jirani ni nzima kabisa, shuku kuungua na jua baada ya kula mmea wenye sumu. Lantana ni mojawapo, ile yenye maua ya rangi mchanganyiko inayopandwa kama ua. Mweke kivulini, muondoe kwenye malisho hayo, nipigie.

Usiku huo ufanye nini

Kama vinundu ni vigumu na kuna homa, au kama huna uhakika, mtenge mnyama usiku huo huo. Asiende lamboni wala joshoni na wenzake, asipelekwe mnadani, asihamishwe. Piga simu. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003 inakutaka utoe taarifa, lakini hata bila sheria jirani yako anastahili kujua. Wengine wa kundi waangalie kila siku kwa siku 28, kwa sababu ugonjwa unaweza kukaa kimya muda huo kabla haujaonekana.

Sindano ya manjano, oksitetrasaiklini, haiui kirusi cha mapele ngozi. Tunaichoma pale vidonda vimeingiwa na bakteria, na dozi yake hufuata uzito. Ivermektini hufaa kwa ukurutu. Kwa mapele ngozi na kwa choa ni kumwaga pesa. Kila dawa ina siku za kutokunywa maziwa na kutokula nyama, zimeandikwa kwenye chupa. Soma, au mpe mtoto anayesoma akusomee. Na sindano moja usiichome ng'ombe wengi, maana ukitoka kwa mgonjwa unabeba ugonjwa kwenye ncha.

Nikifika nitachukua kipande cha kinundu au magaga na kukipeleka Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Hapo ndipo jina linapothibitishwa, na chanjo ya wale wazima kwenye eneo hupangwa kutokana na jina hilo. Kwa hiyo usiyabandue magaga yote kabla sijaja.

Yule mzee wa mtamba bado ananitumia picha. Ya mwisho ilikuwa na kiberiti kando, na sauti yake ikisema, "Mwanangu, nimegusa. Ni laini. Hata hivyo nimemtenga." Kesho yake yalikuwa yamepungua.

Ikitokea mgonjwa wa mapele ngozi amekufa, ngozi yake msiitandike kitandani wala kuiuza. Kirusi hiki huishi angalau siku 18 kwenye ngozi iliyoanikwa, na kwenye magaga makavu hufika siku 35. Magaga yaliyodondoka zizini yafagieni pamoja na samadi ya juu, yachomeni, na watoto wasiyachezee karibu na ndama.