Masomo kwa Njia ya Mtandao: Kipimo Kinachomdanganya Mwanafunzi

Mwanafunzi wa masomo ya mtandaoni akiulizwa faida kubwa anayoipata, aghalabu hutaja uwezo wa kuurudia mhadhara. Darasani, sauti ya mwalimu ikishapita imepita. Aliyesinzia hana la kufanya ila kuazima daftari la mwenzake. Katika mtandao, mhadhara husimamishwa, hurudishwa nyuma, na husikilizwa usiku wa manane watoto wakiwa wamelala. Kwa mwalimu wa Tunduru anayesomea shahada bila kuacha kazi, hiyo si faida ndogo: nauli ya Dar es Salaam, kodi ya chumba na mshahara ambao angeukosa, vyote huokolewa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kabla intaneti haijaenea nchini, kilijengwa juu ya haja hiyo hiyo.

Hasara anazozitaja mwanafunzi huyo ni upweke na gharama. Gharama yafaa ihesabiwe, kwani wengi huilalamikia bila kuipima. Mhadhara wa picha unaosafirishwa kwa kasi ya biti 500,000 kwa sekunde hutumia, kwa saa moja yenye sekunde 3,600, jumla ya biti milioni 1,800. Biti 8 ni baiti moja. Kwa hiyo saa hiyo imekula megabaiti 225. Sauti peke yake, kwa kasi ya biti 64,000 kwa sekunde, hutumia megabaiti 29 hivi. Yaani uso wa mhadhiri unamgharimu mwanafunzi karibu mara saba zaidi ya maneno yake! Pale ambapo hakuna mchoro wala hesabu ya ubaoni, picha hiyo ni anasa.

Lakini hasara iliyo kubwa kuliko zote mwanafunzi haitaji, kwa sababu haihisi. Nayo imejificha ndani ya ile faida anayoisifu.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walitangaza matokeo ya jaribio lifuatalo. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu vilivyofuata likaandika lilichokumbuka, bila kukitazama tena. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83 ya habari, na wenzao asilimia 71. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibakiwa na asilimia 40, na waliojitahini asilimia 61. Tena, walipoulizwa mapema, ni wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Maneno yanayosikika kwa mara ya tatu hupita akilini bila kukwama, na mwanafunzi huuchukua wepesi huo kuwa ni maarifa. Kumbe kulitambua jambo linapopita mbele ya macho ni kazi moja, na kulichota kutoka kumbukumbu bila msaada ni kazi nyingine. Mtihani hudai hiyo ya pili. Mhadhara uliorekodiwa hurahisisha mno ile ya kwanza. Darasani mwalimu huweza kumwita mwanafunzi kwa jina na kumtaka aeleze. Aibu ya kukosa jibu mbele ya wenzake haimpendezi mtu, walakini ilikuwa ikifanya kazi ambayo kitufe cha kurudisha nyuma hakiwezi kuifanya.

Je, kosa ni la mtandao wenyewe? La. Mwaka 2013 Szpunar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaonyesha wanafunzi mhadhara wa takwimu wa dakika 21, uliokatwa sehemu nne. Wanafunzi waliulizwa mara kwa mara iwapo mawazo yao yamo somoni. Waliotazama bila kutahiniwa walikiri kuwa mawazo yako kwingine katika asilimia 41 ya nafasi walizoulizwa. Waliotahiniwa kila baada ya sehemu, asilimia 19. Hao wa pili waliandika maelezo mengi zaidi, na mwishoni wakajibu vizuri zaidi.

Yako masomo ambayo hata maswali hayatoshi. Kupima asidi kwa bureti hujifunzwa kwa vidole: namna ya kulegeza bomba hadi likatoa tone moja, na kulifunga kabla rangi haijazidi. Hapo hapana hila. Mwanafunzi sharti afike maabara.

Kwa masomo mengine, Tanzania ina mfano wa zamani kuliko intaneti. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walijifunza kuhusu magonjwa kwa njia ya redio. Chombo hicho hakikuweza hata kurudiwa, seuze kuulizwa swali. Hata hivyo wasikilizaji hawakuachwa peke yao: walikutana kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Matangazo yalikuwa mwanzo wa kipindi, si kipindi chenyewe.

Utaratibu huo wafaa kwa wanafunzi wanne wa mji mmoja leo. Mmoja hupakua sauti ya mhadhara kwenye simu yake. Huisikiliza pamoja, na kila baada ya dakika saba au nane huisimamisha, madaftari yakafungwa, na kila mmoja akaandika kwenye karatasi tupu anachokikumbuka. Karatasi hulinganishwa, penye ubishi hurudishwa nyuma, na penye ubishi tu. Baada ya juma moja huandika tena kabla ya kuanza mhadhara mpya. Gharama ya kipindi hicho, kwa hesabu iliyotangulia, ni megabaiti 29 kwa watu wanne.