JINSI MFUPA ULIOVUNJIKA UNAVYOJENGWA

Likizo ya Desemba mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe tulipokuwa tukitoka shambani, upande wa Laela, akavunjika muundi. Mimi, kwa kutojua, nilimwinua nikamwambia ajaribu kusimama. Mfupa ukasogea zaidi. Miezi mitano imepita, naye angali anatembelea gongo. Kosa hilo ndilo lililonifanya nitafute kujua jinsi mfupa unavyopona.

Wengi hudhani mfupa ni mkavu kama kuni. Sivyo, mfupa una uhai. Ukivunjika, kwanza damu huganda mahali pale. Kisha hutokea gegedu laini, ambalo baadaye hugeuka kuwa mfupa mgumu. Mara nyingi kazi hiyo huchukua majuma 6 hadi 12, na muundi huweza kuchukua zaidi. Lakini pengo likiwa kubwa mno, mfupa hushindwa kulivuka.

Tutazame maharage yetu ya kutambaa hapa Ufipa. Mche hauwezi kupanda hewani, lakini ukiuchomekea mti utapanda wenyewe. Wataalamu wameiga jambo hilo. Kwa mashine maalum huchapa kiunzi, tabaka juu ya tabaka, kwa madini ya kalsiamu na fosfeti, yaliyomo hata katika mifupa yetu. Kiunzi hicho kina matundu madogo mengi, ili chembe hai na mishipa ya damu ipate kupenya. Wengine hutumia haidrojeli, yaani ute unaoshika maji mengi, mfano wa mlenda, kuchukulia chembe hai mpaka penye pengo. Mfupa mpya ukikua, kiunzi huyeyuka polepole.

Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ingali katika majaribio. Hata sasa madaktari wengi huziba pengo kwa kipande cha mfupa kilichotolewa katika nyonga ya mgonjwa mwenyewe.

Basi fundisho ni hili: mfupa hujijenga wenyewe, sisi huupa egemeo na utulivu. Mwenzako akivunjika mguu, usimsimamishe wala usimvute. Mfungie vijiti viwili kandokando, bila kukaza mno, ili goti na kifundo visicheze, kisha apelekwe hospitali.

Nilipokwenda nyumbani wakati wa Pasaka, nilimkuta mdogo wangu ameacha gongo moja. La pili bado analo.