Muhuri wa mkono: somo la kadi, mpira na herufi zinazogeuka

1. Utangulizi

Mwaka jana mwalimu wetu mmoja alifiwa na mke wake. Promosheni yetu ilichanga franka kwa ajili ya matanga, lakini tuliona kwamba fedha ndani ya bahasha tupu hazisemi kitu. Tukakubaliana kutengeneza kadi kwa mikono yetu, yenye neno moja tu: POLE. Kazi ya kuchonga muhuri nilipewa mimi, kwa sababu nazoea kuchorachora pembeni mwa daftari.

Tulikuwa na karatasi moja ngumu ya A4, tukaikata vipande viwili. Nilichonga saa nzima, nikapaka wino, nikabonyeza. Nilipoinua mkono, neno lilisomeka kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi ilitazama upande usio wake, isipokuwa O. Wenzangu hawakucheka. Jua lilikuwa linashuka, na kilichobaki ni nusu moja ya karatasi.

Makala haya yametokana na kosa hilo. Nataka kuonyesha jinsi kadi ya muhuri inavyotengenezwa, na jinsi kazi hiyo ndogo inavyotufundisha jambo juu ya lugha tunayoisoma.

2. Maneno ya kazi

Kitu hiki kina majina matatu, na kila jina liliingia kwa mlango wake. Muhuri asili yake ni Kiajemi. Chapa inatoka Bara Hindi. Kashe, tunayoitumia kila siku hapa Lubumbashi, ni ya Kifaransa. Hayalingani uzito: ukisema kashe, msikilizaji anaona meza ya ofisi, foleni, na karani anayesema urudi kesho. Niliwahi kurudi kesho hiyo siku tatu kwa ajili ya duara moja la wino wa buluu.

Tena kuna mpira. Charles Goodyear alipata hataza ya kuuimarisha mpira kwa salfa na joto mwaka 1844, na kutokana na ufundi huo mihuri ya mpira ilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1860. Kwetu neno hilo lina kumbukumbu nyingine. Katika Dola Huru ya Kongo, 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kugema mpira wa mwituni kwa mjeledi na bunduki. Si vibaya kukumbuka hayo unaposhika kipande cha mpira ili kuandika neno la upole.

Kitenzi nacho kinadanganya. Tunasema kupiga muhuri, kama tunavyosema kupiga pasi au kupiga picha. Karani hupiga kweli, meza ikalia. Mtengeneza kadi hapigi: anabonyeza taratibu, anahesabu hadi tatu, anainua wima bila kuteleza.

3. Vifaa na hatua

Vifaa ni vichache: ufutio mkubwa (ndilo gome letu la Kifaransa, si gome la mti), wembe au kisu chembamba, penseli, karatasi nyembamba, wino, gundi, na mabaki ya kitenge kutoka kwa fundi cherehani. Soli ya sandali iliyochakaa inafaa kwa maumbo makubwa.

Kwanza, chora umbo kwa penseli kwenye karatasi nyembamba. Ilaze kifudifudi juu ya ufutio, usugue kwa ukucha. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka wenyewe, na ukichapwa utanyooka. Hatua hii ndiyo niliyoiruka.

Pili, ondoa pale pasipotakiwa wino. Inamisha wembe ili mstari uwe mpana chini na mwembamba juu, kama kilima. Ukiukata chini kwa chini, utavunjika.

Tatu, dondoa wino juu ya muhuri kwa sponji. Ukiuzamisha, wino utajaa mashimoni. Jaribu kwenye karatasi chakavu kabla ya kugusa kadi.

Nne, ukitaka kuchanganya vitu, fuata mpangilio: rangi ya chini kwanza, chai nzito inatosha, halafu kitenge na gundi, muhuri uwe wa mwisho, vitu vikiwa vimekauka. Kitambaa chenye nyuzi nene hakipokei mistari myembamba. Chapa kwenye karatasi laini, uikate, uibandike juu yake.

Nusu ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kadi ya milimita 105 kwa 148.

4. Herufi zisizogeuka

Jioni ile hatukuwa na karatasi nyembamba wala muda. Mwenzetu mmoja akauliza: je, hakuna herufi zisizojali kugeuzwa? Tukaziandika. Katika herufi kubwa za Kiswahili zipo kumi: A, H, I, M, O, T, U, V, W, Y. Tazama vokali: nne kati ya tano zimo, E peke yake ndiyo inayokataa. Kwa hiyo Kiswahili kina maneno mengi ambayo, yakipangwa kutoka juu kwenda chini, yanachongwa kama yalivyo: MAMA, MOYO, UHAI, MAUA, WATU.

Lakini tulitafuta neno linaloweza kulala pia. Hilo lazima lisomeke sawasawa kutoka pande zote mbili. Tulipolipata tulinyamaza kidogo: UTU.

5. Hitimisho

Nikaugeuza ufutio upande wa pili, nikachonga herufi tatu bila hofu. Tulibandika ukanda wa kitenge ukingoni, tukafika matangani giza likiwa limeingia. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili, akasoma, hakusema kitu.

Wiki kadhaa baadaye, katika somo la ngeli, aliandika ubaoni: m-tu, wa-tu, u-tu. Akaeleza kwamba shina ni moja, viambishi ndivyo vinavyobadilika. Kisha akafungua kitabu chake kutafuta mfano mwingine, na sisi wa mstari wa mbele tukaona ukurasa umewekewa alama ya kadi yenye ukingo wa kitenge.

Anayetaka kujaribu aanze na neno hilo. Hata ukilichonga kwa haraka, ukasahau kuligeuza, litasomeka vilevile.